Siku moja na mikoba 9 ya walimu tarajali wa Kiingereza

Saa 11:00 alfajiri

Mikoba ya kazi 9 iko mezani, yaani majalada (portfolio) ambamo kila mwanachuo wa ualimu amekusanya kazi zake za mazoezi ya kufundisha. Nimeshaisoma yote, ila siku ya uwasilishaji huwa narudia sehemu moja tu ya kila mkoba: tafakuri aliyoandika mwanachuo baada ya kufundisha. Falsafa ya ufundishaji karibu kila mtu huiandika vizuri, na maandalio ya somo siku hizi yanapendeza. Lakini tafakuri ndiyo inayoniambia kama mtu huyu aliwaona watoto waliokaa mbele yake.

Mkoba wa saba unanikwaza. Masomo 12, na chini ya kila andalio maneno ni yaleyale: "Lengo la somo limefikiwa. Wanafunzi wote wameelewa." Sijawahi kuingia darasa la Kiingereza ambalo wote wameelewa. Naweka alama ya penseli.

Saa 1:30 asubuhi

Watahini tuko watatu: mimi, mkufunzi mwenzangu na mwalimu mlezi kutoka shule ya mazoezi. Kabla mwanachuo hajaingia, kila mmoja wetu anasahihisha peke yake mkoba mmoja wa zamani uliofichwa jina, kisha tunalinganisha. Kwenye kigezo cha upimaji nimetoa 4 kati ya 5, mwenzangu 2. Tunabishana karibu dakika 20. Yeye ameona majaribio mengi yaliyotolewa na kusahihishwa, lakini hakuna mahali ambapo matokeo yalibadilisha somo lililofuata. Ana haki, nashusha alama. Tusipofanya hivi, alama ya mtu inategemea bahati ya nani kamsahihisha.

Saa 3:00

Wa kwanza anasoma slaidi neno kwa neno, mgongo ukitutazama. Dakika ya nne namwomba azime projekta atusimulie habari za mwanafunzi mmoja tu. Sauti inabadilika papo hapo. Laiti wote wangeanzia hapo.

Saa 4:15

Huyu ndiye niliyemsubiri. Mkoba wake si mnene. Ndani kuna nakala ya ukurasa wa daftari la mwanafunzi, jina limefunikwa kwa karatasi, na barua ya ruhusa ya kurekodi sauti imebanwa nyuma yake. (Wawili niliwarudishia mikoba wiki iliyopita kwa sababu majina ya watoto yalionekana. Hilo halina mjadala.)

Anatusikilizisha wanafunzi 5 wakisoma vitenzi vya wakati uliopita. Wanasema "wontid", sawa kabisa. Kisha "pleyid" na "wokid". Wote watano.

"Kosa lilikuwa langu," anasema. "Niliwafundisha tahajia ya *-ed*, sikuwafundisha sauti zake."

Anaeleza alichobadilisha. Kitenzi kikiishia na sauti ya t au d, kama "want", ndipo silabi inaongezeka: "wanted". Vingine haviongezi silabi: "worked" huishia na sauti ya t, "played" na sauti ya d. Aliwaambia watoto waweke vidole kooni, watamke sauti ya mwisho ya kitenzi, waone kama koo linatetema. K haitetemi, ndiyo maana "worked" inafunga na t. Tena akawaeleza kwa nini ni vigumu: aliyezoea lugha kama Kiswahili, ambayo silabi zake nyingi huishia na irabu, ulimi wake hutafuta irabu ya kupumzikia.

Rekodi ya pili ni ya wiki mbili baadaye. Watatu wamepata vyote, mmoja anayumba, mmoja bado anasema "wokid". Na ameandika wazi jina la bandia la huyo wa mwisho na mpango wa kumsaidia. Mwalimu mlezi anaacha kuandika, anamtazama tu.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko ya nusu saa.

Saa 7:30

Kijana mmoja amejirekodi video na kuhesabu sekunde anazosubiri baada ya kuuliza swali. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba walimu husubiri kama sekunde 1 tu, na kwamba wakifikisha 3 au zaidi majibu hurefuka na watoto wengi zaidi hujibu. Kijana alijikuta chini ya sekunde 1. Kwenye lugha ya kigeni hilo linaumiza zaidi: mtoto aelewe swali, atafute jibu, atafute maneno, ayapange. Pia ameacha kuuliza "mmeelewa?" Sasa anatoa sentensi mbili na kuuliza ipi inaeleza jambo lililokwisha.

Saa 9:00 alasiri

Mwanachuo ana mawazo mazuri, Kiingereza chake kinateleza. Mwenzangu anataka kupunguza kila mahali. Nakataa. Kuna kigezo cha umahiri wa lugha, na pale nampunguza bila huruma, maana watoto wataiga anachosema. Lakini alama hiyo isimwagikie upangaji wa somo, ambao ameufanya vizuri.

Saa 10:00

Mkoba wa saba. Anawasilisha kwa ufasaha, slaidi safi. Namuuliza: "Mwalimu, ni nani hakuelewa?"

Kimya. Nahesabu moyoni, tatu, nne, tano.

"Kulikuwa na binti wa nyuma," anasema hatimaye. "Wiki 6 hakufungua mdomo. Kwenye daftari alikuwa anapata yote."

"Yuko wapi humu ndani?"

Hayumo. Anasema aliogopa kwamba tafakuri yenye kasoro ingemshushia alama. Hapo nahisi uchungu, kwa sababu kama aliamini hivyo, kuna mtu kati yetu alimfundisha aamini hivyo. Tunakubaliana sote watatu: mkoba unarudi, aandike upya tafakuri 3, wiki 2.

Saa 12:15 jioni

Najumlisha alama za mwisho, mlango unagongwa. Ni yeye, ana karatasi moja aliyoandika kwa mkono kwenye benchi la nje. Inaanza: "Wiki ya pili niliuliza maswali 14. Yote yalijibiwa na watoto wanne walewale."

Naisoma mara mbili, kisha naandika pembeni: *Wiki ya tatu ulimkaribia vipi yule binti?* Namrudishia. Anakaa tena kwenye benchi.