Mistari isiyokutana

Kila nikisema nasoma jiografia ya watu digrii ya kwanza, swali linalofuata ni lile lile, haya mji mkuu wa Mongolia unaitwaje? Ulaanbaatar. Ila jamani sicho tunachosoma, tunasoma kwa nini watu wako pale walipo na nini kinawazuia kufika wanakotaka.

Mwaka wa kwanza ni nadharia kwa sana, von Thünen wa 1826 na mashamba yanayozunguka soko, Ravenstein wa 1885 na sheria za uhamaji, Christaller wa 1933 na miji iliyopangika kama sega la nyuki. Wengi wanakata tamaa hapa na nawaelewa, zinaletwa kama vitu vya kukariri tu.

Mimi nilinaswa mwaka wa pili na Torsten Hägerstrand, Mswidi wa Chuo Kikuu cha Lund, ambaye mwaka 1970 alichapisha makala akiwauliza wenzake, na watu je? Yaani mmepiga hesabu zote, mtu mwenyewe yuko wapi? Njia yake rahisi, unachora grafu, mahali unapaweka kwa ulalo, muda unapanda juu, afu unamfuata mtu mmoja masaa 24. Akitulia sehemu mstari unasimama wima, akitembea unainama, akipanda gari unalala zaidi maana anakata umbali mkubwa kwa muda mfupi.

Tukapewa asaimenti ya kuchora siku ya mtu anayefanya kazi huku analea. Nikamfuata mama mmoja, saa 1 kamili anamwacha mtoto kwa mlezi, saa 1 na nusu yuko kazini mpaka saa 10 jioni, mbio kumchukua mtoto kabla mlezi hajafunga. Zahanati iko dakika 10 tu kutoka kwake, kwenye ramani ungesema huyu huduma anayo, ila inafunguliwa saa 2 asubuhi inafungwa saa 9, kwa hiyo mstari wake hauigusi siku yoyote ya kazi. Hägerstrand anaviita vizuizi vya mamlaka, mtu mwingine kashapanga saa na wewe umebanwa.

(Takwimu msizikimbie lakini, bila hizo huwezi kujua wako wangapi kama yeye.)

Nilimpelekea mchoro, akauangalia muda mrefu, akaweka kidole kwenye ile nafasi kati ya mstari wake na zahanati, akasema hapa ndo huwa nakwama. Akaniomba karatasi abaki nayo. Nikamwachia, usiku nikachora nyingine ya kumkabidhi mwalimu.