Shafti iliyopinda na venia iliyonidanganya

Mashine yangu ya kusaga hapa Kiloleni, Tabora, ilikuwa inatafuna beringi kama karanga. Nikibadilisha, wiki mbili haziishi inaanza tena kutetemeka mpaka wateja wanashikilia ndoo zao. Fundi akasema shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka ndani ya beringi, imepinda. Muuza vifaa mmoja akanishauri ninunue venia ya dijiti, kile kifaa cha kupimia unene, nihakikishe mwenyewe. Nikatoa kama elfu sitini hivi. Nikapima kichwani, katikati, mkiani: milimita 40 kila mahali. Nikatamba mtaa mzima kwamba shafti ni nzima, fundi ndiye kipofu. Beringi mpya ikafa siku ya tisa.

Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli. Aliitazama venia yangu akacheka. "Mwanangu, nyoka akijipinda unene wake unabadilika?"

Kumbe kupinda kunapimwa kwa geji ya saa, ile yenye mshale na kipini kinachobonyea, huku shafti ikizungushwa taratibu. Inayosoma milimita 0.01 inatosha, ya 0.001 ukikohoa tu mshale unacheza. Yangu ni ya mtumba. Kabla ya kulipa nilipitisha wembe mpya chini ya kipini: wembe una unene wa kama milimita 0.1, na mshale ukaruka mistari kumi, ukarudi sifuri. Muuzaji akanikodolea macho kama kaona mganga. Kwenye stendi ya kushikilia geji usibane pesa, chukua ya sumaku. Mimi niliunga ya nondo, ikawa inayumba, nikashinda mchana kutwa napima mtikisiko wa nondo.

Halafu nikafunga shafti kwenye mashine ya kukereza, kati ya ncha mbili. Vile vitundu vya mwishoni mwa shafti, zinamoingia hizo ncha, vilikuwa vimegongwa nyundo miaka na miaka, kwa hiyo majibu yalikuwa ya vitundu, si ya shafti. Mwishowe nikachomelea vipande viwili vya engo (chuma cha umbo la L) kwenye bamba, mdomo juu kama V, nikailaza shafti juu yake pale pale zinapokaa beringi, maana ndipo inapozungukia. Nyuma nikaikingia gololi ya beringi iliyokufa (ninazo za kutosha!) isiteleze.

Mshale ukatembea milimita 0.36. Mzee akasema gawa kwa mbili, imepinda 0.18. Tukatia chaki palipotuna, ikaenda kwenye presi kunyooshwa, ikarudi mshale unatembea 0.06. Tangu masika beringi ni zilezile, na fundi nimeshamwomba radhi. Venia ipo, haijachakaa, anayeitaka aje tuelewane bei.