Kukwama Kintinku, njiani kwenda Singida

Nauli nililipa kamili pale stendi ya Nanenane, Dodoma, nikaahidiwa kwamba saa nane mchana nitakuwa Singida. Kikao cha mahari ya mdogo wangu kilikuwa saa kumi, wajomba walishatangulia. Bahi tuliipita salama. Tulipoivuka Kintinku, kabla ya kuanza kupanda mlima wa kwenda Manyoni, basi likatoa mlio mkali chini. Dereva akaegesha, utingo akaingia uvunguni na spana, na kwa zaidi ya saa nzima hakuna aliyetueleza lolote. Maji ya chupa ndogo yanayouzwa Sh500 mjini, pale tuliuziwa Sh1,000.

Nilikuwa nimevaa jezi ya Simba. Chini ya mbuyu nikamkuta mzee mmoja wa Manyoni, abiria mwenzangu, nikamwamkia.

"Marahaba. Poleni na Berkane, kijana wangu."

Ilikuwa Julai 2025, na kile kidonda cha Mei, Simba kulikosa Kombe la Shirikisho Afrika kwenye fainali na RS Berkane ya Morocco, kilikuwa bado kibichi. Mzee ni Yanga tangu ujana wake, lakini historia ya Simba anaijua kuliko vijana wengi wanaoishabikia.

"Mnasema mnaonewa ugenini," akaniambia. "Hebu tuhesabu. 1993, fainali ya Kombe la CAF, mlitoka 0-0 Abidjan na Stella. Kazi ilikuwa imebaki Dar es Salaam tu. Mkafungwa ngapi?"

"Mbili bila, mzee."

"Nyumbani! Sisi nasi 2023 kwenye fainali ya Shirikisho USM Alger wakatufunga 2-1 kwa Mkapa, uwanjani Dar es Salaam. Tukawafuata Algiers, tukashinda 1-0 kwao, jumla 2-2, kombe wakabaki nalo kwa kuwa walifunga magoli mengi zaidi ugenini."

Nilitaka kubisha nikakosa pa kuanzia. Berkane nao, kwao tulifungwa 2-0, ni kweli, lakini marudiano Uwanja wa Amaan, Zanzibar, tulitangulia kwa goli la Mutale, Kagoma akapewa kadi nyekundu, goli la Mukwala likafutwa na VAR, waamuzi wa video, tukaishia 1-1. Nikamkumbusha kwamba robo fainali ya mwaka huohuo Al Masry walitufunga 2-0, tukazirudisha zote kwa Mkapa na kuwatoa kwa matuta. Akakubali. Akakubali pia kwamba Orlando Pirates na Wydad tuliwafunga nyumbani 1-0, kisha wakatutoa kwao kwa penalti. "Robo fainali mnaziweza," akasema. "Mimi nazungumzia siku ya kombe."

Kisha akanipa ile ya 1979, na hapo hata waliokuwa wamesinzia wakasogea. Mufulira Wanderers ya Zambia waliifunga Simba 4-0 Dar es Salaam. Nani angenunua hata gazeti kusoma habari za marudiano? Simba wakaenda Lusaka, wakashinda 5-0. Mzee wa Yanga aliisimulia kwa furaha kana kwamba ni timu yake. Ya kwake ya 1969 aliisema kwa uchungu: sare mbili za 1-1 na Asante Kotoko, kisha Yanga wakatolewa kwa kura. "Robo fainali ya Afrika, na hatukufungwa," akarudia mara mbili.

Nilifikiria nyumbani. Sisi Tanga ni watu wa Coastal Union, mabingwa wa nchi 1988, na marehemu baba hakuwahi kuipenda Simba. Lakini kwenye fainali ile ya 1993 alikaa na redio barazani, na baada ya goli la pili la Stella akakataa chakula. Ndipo nilipoelewa kwamba klabu ikivuka mpaka inakuwa ya wote. Siku hizi naona mashabiki wa Dar wakinunua jezi za wageni ili kuzomeana, na jambo hilo linanisikitisha kuliko kufungwa kwenyewe. Mzee alitikisa kichwa tu nilipomwambia.

Basi jingine lilikuja jioni, tayari limejaa. Mzee alipewa kiti, mimi nikasimama. Mpaka anashuka Manyoni tulikuwa bado tunabishana juu ya lile goli la Mukwala: yeye anasema VAR ilikuwa sahihi, mimi nasema hapana, na sitabadilika.

Singida niliingia saa tatu usiku. Mahari ilishaafikiwa bila mimi, na wajomba walikuwa wamelala. Nauli ya kiti nilichokosa sijarudishiwa hata shilingi, na simu ya ofisi yao kila nikipiga haipokelewi.