Kabla ya kuchimba msingi wa uzio: mpaka, kimo na kibali

Ukuta wa uzio ukishasimama, kosa la mpaka halirekebishwi ila kwa kubomoa. Kwa hiyo kabla fundi hajashika chepe, tafuta mawe yote ya mpaka wa kiwanja. Likikosekana hata moja, mlete mpima ardhi aliyesajiliwa alirudishe kwa kufuata ramani ya upimaji. Ua wa zamani na mstari wa miti si ushahidi wa mpaka.

Msingi ndio unaowaponza wengi. Ukuta wa tofali la sentimita 15 hukaa juu ya zege la upana wa sentimita 45 hivi. Ukisawazisha uso wa nje wa ukuta na mpaka, zege litamwingilia jirani kwa sentimita 15, na siku atakayochimba msingi wake atalikuta. Rudisha ukuta ndani kwa kiasi hicho, au mwandikiane kwamba unajengwa katikati ya mpaka na ni wa wote wawili. Mwandikiane kweli, maana maneno ya mdomo hayamfungi atakayenunua kiwanja kesho.

Kuhusu kimo, halmashauri nyingi huruhusu ukuta mfupi upande wa barabara, mara nyingi mita 1 hadi 1.2, na mrefu zaidi nyuma, mita 1.8 hadi 2. Uliza vipimo vya kwenu, kisha uliza kimo kinapimwa kuanzia wapi. Ikiwa ni ardhi ya asili, nawe umejaza kifusi sentimita 60 ndipo ukajenga mita 1.8, afisa ataandika 2.4. Nyaya za umeme juu ya ukuta mara nyingi zina masharti yake na mabango yake ya tahadhari.

Kiwanja cha kona kina sharti la ziada: ukuta ukatwe au ushushwe pale kwenye pembe ili dereva aone anayekuja. Geti lifungukie ndani, au liwe la kusukuma pembeni. Usiguse hifadhi ya barabara wala mkuza, yaani ukanda uliotengwa kwa njia ya umeme na mabomba, hata kama pamekaa wazi miaka yote. Na palipo na mteremko, acha matundu ya maji chini ya ukuta; maji yakizuiwa husukuma ukuta hadi ulale, na jirani wa chini ana haki ya kulalamika.

Fensi ya waya au michongoma mara nyingi haihitaji kibali. Ukuta wa tofali kwa kawaida unahitaji. Andaa nakala ya hati, ramani ya kiwanja yenye umbali wa uzio kutoka mpaka na barabara, na mchoro wa mkato, yaani unaoonyesha ukuta kana kwamba umekatwa wima, wenye msingi, nguzo na kimo. Michoro isiyo na vipimo hurudishwa.

Kibali kikitoka, mwite mkaguzi mtaro wa msingi ukiwa wazi na kamba zingali kwenye vigingi. Zege likishamwagwa, hana tena cha kupima.