Nilivyochagua Kamera Ndogo ya Kupigia Picha na Video Nikitembea Mjini

Kwa miaka mitatu sasa ninakusanya picha na video za majengo ya kale ya katikati ya Dar es Salaam, kuanzia Boma la Kale katika Barabara ya Sokoine, lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, hadi Kanisa la Azania Front na nyumba za ghorofa zilizo mitaa ya nyuma yake. Simu yangu ilinitosha kwa picha za mchana, lakini ilinishinda katika mambo mawili: ndani ya korido zenye giza picha zilijaa chengachenga, na video nilizochukua nikitembea zilirukaruka kiasi kwamba mama aliziangalia dakika moja tu akaomba nizime.

Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 1,300,000. Katika duka la kwanza nililoingia Kariakoo, kijana muuzaji alinikabidhi kamera mpya ya shilingi 280,000, ambayo boksi lake liliandikwa megapikseli 48 na kutajwa kuwa inatuliza video. “Dada, hii inapiga kila kitu, hata harusi,” alinihakikishia. Niliiwasha, nikavuta karibu bango la upande wa pili wa mtaa, nikaona kwamba lenzi haikusogea hata kidogo. Maana yake ni kwamba kamera ilikuwa inakata sehemu ya katikati ya picha na kuikuza, kazi ambayo hata simu inaifanya, na herufi za bango zilitoka zimevimba na kupoteza kingo zake. Nilimshukuru nikaondoka.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja mzee wa kamera, ambaye jirani yangu alinielekeza kwake. Baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza swali ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: “Mwanangu, unataka kamera ya kusimama au ya kutembea?” Nilipomjibu kwamba ninataka vyote viwili, alinieleza kwamba utulivu wa video hupatikana hasa kwa njia tatu. Ya kwanza ni kioo kimojawapo ndani ya lenzi kusogea kinyume na mtetemo wa mkono; hii husaidia sana picha za jioni na video za kusimama, lakini haiwezi kumeza kishindo cha hatua. Ya pili ni programu ya kamera kukata kingo za picha na kuisogeza fremu kwa fremu, hivyo hupunguza mtikisiko wa kutembea ila hupunguza pia upana wa picha, na kwenye giza huacha ukungu kwa sababu kila fremu ilikwisha kutikisika kabla ya kurekebishwa. Ya tatu ni kichwa cha kamera kubebwa na mota, kama ilivyo katika DJI Osmo Pocket, kamera ndogo ya kushika mkononi, na hiyo ndiyo inayoshinda zote kwa mtu anayetembea.

Osmo Pocket ya kwanza, ya mwaka 2018, niliipata kwa bei niliyoimudu, na kwa video pekee ningeichukua bila kusita. Hata hivyo lenzi yake haivuti, na kihisi chake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kile kidogo cha inchi 1/2.3, wakati mimi ninahitaji picha zinazoonyesha nakshi za dirisha la ghorofa ya pili. Canon SX740 HS, nayo ya 2018, inavuta mara 40, lakini kihisi chake ni cha ukubwa huohuo, na ndani ya korido ilinirudishia zile chengachenga nilizozikimbia. Kihisi kinachoitwa cha inchi 1 kina milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni takriban mara nne ya hicho kidogo, na kwa macho yangu tofauti hiyo ina uzito kuliko idadi yoyote ya megapikseli. Sony ZV-1 ina kihisi hicho pamoja na tundu la maikrofoni, lakini bei yake ilipita akiba yangu.

Nilibaki na Canon G7 X Mark II iliyotumika, ya mwaka 2016, yenye kihisi hichohicho cha inchi 1, megapikseli 20 na lenzi inayofunguka hadi f/1.8, yaani inayoingiza mwanga mwingi. Haina video ya 4K wala tundu la maikrofoni, na niliyakubali mapungufu hayo kwa hiari yangu. Kabla ya kulipa niliweka memori kadi yangu mwenyewe, nikatembea hatua ishirini kwenda na kurudi kwenye korido ya duka, kwanza utulizaji ukiwa umezimwa kisha ukiwa umewashwa, nikaziangalia video zote mbili kwenye kompyuta. Kisha, kama fundi alivyonifundisha, nilimulika lenzi kwa tochi ya simu kutoka pembeni nikitafuta nyuzi za kuvu, kwa kuwa joto na unyevu wa Dar huziharibu lenzi za watu wasiojua. Ilikuwa safi. Nililipa shilingi 1,150,000, nikadai risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, nikapewa.

Wiki ya kwanza video za ndani zilikuwa na mistari myeusi inayotambaa juu ya kuta, nikadhani nimeuziwa kamera mbovu. Kumbe ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa NTSC, unaofaa nchi ambazo umeme wake ni wa hezi 60, ilhali wa kwetu ni wa hezi 50 na taa zake hupepesa mara 100 kwa sekunde. Nilibadilisha mfumo kuwa PAL, nikarekodi fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu ya hamsini ya sekunde, na mistari ikatoweka siku hiyohiyo. Juani, ambako shata hiyo huingiza mwanga mwingi kupita kiasi, ninawasha kichujio cha kupunguza mwanga kilichomo ndani ya kamera, na kwa ajili yangu hicho peke yake kinahalalisha sehemu kubwa ya bei.

Kutembea nako nimekujifunza upya. Ninaacha lenzi kwenye upana wake wote, ninabana viwiko mbavuni, ninaunyoosha mkanda wa shingoni hadi ukaze, na ninapiga hatua fupi nikiwa nimelegeza magoti. Sauti ninairekodi kwa simu yenye kimaikrofoni cha kubana kolani, nikipiga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni ili baadaye niunganishe sauti na video mahali kofi linaposikika na kuonekana. Nyumba za watu ninaziomba ruhusa kwanza, na maeneo ya Ikulu na bandari siyapigi kabisa.

Jumamosi iliyopita nilitembea kutoka Azania Front hadi Feri nikirekodi mfululizo kwa dakika sita, mama akaitazama video yote bila kugeuza uso, kisha akaniomba nirudishe pale kwenye mnara wa kanisa. Niliporudi nyumbani niliifuta kamera chumvi ya upepo wa bahari kwa kitambaa kikavu, nikaifungia ndani ya kopo la plastiki pamoja na pakiti za silika za kufyonza unyevu.