Yuan 860 za kuwamba karatasi

Jana hapa Hangzhou, China, nimelipa yuan 860 kuwambiwa picha, yaani kubandikiwa karatasi mgongoni na pindo za hariri. Sikununua picha, nimewambiwa tu. Nyie wa Mbagala pigeni hesabu hiyo ni kodi ya miezi mingapi, halafu mtaelewa kwa nini nilisimama pale dukani simu iko mkononi na kidole kinagoma kuskani.

Ila nilikuwa nimemwona yule mama fundi akianza kazi, na hilo ndilo lililonifunga mdomo. Aliilaza picha kifudifudi mezani, akainyunyizia maji, ikajikunyata kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Nikajua imekwisha. Hakushtuka. Akachukua brashi pana, akainyoosha polepole kutoka katikati kwenda pembeni, akaipaka gundi nyepesi ya unga wa ngano, akailazia karatasi nyingine mgongoni na kuigongagonga kwa brashi ngumu. Unywele mmoja wa brashi ulibaki kwenye gundi. Akautoa kwa kibanio. Kisha mzigo mzima ukabandikwa ukutani kwa kingo zake, ukauke taratibu siku kadhaa ndipo upate pindo za hariri na kijiti cha kuviringia. Wachina wana msemo kwamba picha ni mafungu matatu ya mchoraji na saba ya mwambaji. Kwa bei ile, naamini.

Picha yenyewe nimepewa bure. Jirani yangu hapa, mwalimu mstaafu, kwa muda mrefu tulikuwa watu wa kuitikiana kwa kichwa kwenye ngazi. Siku lifti ilipokufa nikambebea gunia lake la mchele mpaka mlangoni. Baadaye akagonga, akanipa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akaondoka hata chai hajakubali. Huku hawana maneno mengi ya upendo. Wanakupa kitu wanageuza mgongo.

Ni milima ya wino mweusi na ukungu, na bondeni kuna nguzo za umeme wa gridi na kreni mbili za ujenzi. Nusu ya karatasi haikuguswa. Jamaa yangu tunayehangaika naye na mizigo ya Yiwu, mji wa masoko ya jumla, alipoiona akaangua kicheko: "Kaka, mzee wino ulimwishia?"

Nimebishana naye mpaka leo. Sisi tumekua na Tingatinga, rangi ya mafuta inang'aa na chui kajaa ubao mzima, kwa hiyo jicho letu likiona pengo linadhani mchoraji kachoka. Hapa pengo limechorwa. Weupe ule ndio mto, ndio ukungu, ndio umbali kati ya mlima na mlima. Tena karatasi haina masihara: inaitwa xuan, ya wilaya ya Jing kule mkoa wa Anhui, inatengenezwa kwa magome ya mti pamoja na mabua ya mpunga. Ukigusisha wino umeshasambaa, hakuna kufuta wala kupaka juu yake. Mkono uliotetemeka utaonekana umetetemeka mpaka kiama.

Na ile milima ya mzee haikutoka hewani. Michirizi yake mirefu laini, wanayoiita ya nyuzi za katani, ni ile ya Huang Gongwang, aliyechora milima ya mto Fuchun, karibu tu na hapa, akaikamilisha mwaka 1350 akiwa amevuka miaka 80. Mwaka 1650 tajiri aliyeimiliki picha hiyo alikuwa anakata roho, akaamuru ichomwe aende nayo. Mpwa wake akaichomoa motoni, imeshakatika vipande viwili. Kile kifupi kiko Makumbusho ya Mkoa wa Zhejiang, hapa hapa mjini. Kirefu, mita sita na zaidi, kiko Taipei, Taiwan. Vilikutanishwa huko mwaka 2011. Kinachonifurahisha mimi ni Qianlong, mfalme wa China wa karne ya 18: alikuwa na nakala ya bandia, akaipenda, akaiandika juu maneno yake zaidi ya mara hamsini. Ya kweli ilipoletwa akasema hii ni feki, na kwa ujinga huo ikasalimika na kalamu yake. Wakubwa ni wale wale kila nchi.

Sasa wachoraji wa leo wanajibizana na hao hao wazee. Wu Guanzhong, aliyesoma hapa Hangzhou kisha Paris, aliandika mwaka 1992 kwamba brashi na wino vikitengwa na picha yenyewe thamani yake ni sifuri. Ugomvi ukawaka, wengine wakaona ametukana ukoo mzima. Msanii mwingine, Xu Bing, naye anakuwekea kioo cha ukungu chenye taa nyuma: unaona milima ya kale, miti, maji. Zunguka nyuma, unakuta majani makavu, mifuko ya plastiki na karatasi za takataka zimebandikwa kwa gundi. Usipoijua milima ya kale, hapo utaona uchafu tu. Ukiijua, unabaki umeshika kiuno.

Mnadhani basi kila mahali napokelewa kwa chai? Kuna nyumba ya sanaa mjini niliingia, mhudumu akanifuata kona hadi kona, akaniuliza kama nacheza mpira wa kikapu. Mimi na urefu huu! Familia moja ikageuza mgongo kwa picha ikanipiga picha mimi. Nikawaza niwatoze kiingilio.

Na wewe unayeniandikia kila wiki kuhusu kuja kusoma uchoraji: vyuo vizuri vipo, hiki cha sanaa cha hapa kimeanza mwaka 1928, lakini mwalimu hatakusubiri ufungue kamusi wakati wino unakauka. Anza Kichina ukiwa nyumbani. Tenga mwaka mzima wa kuiga picha za marehemu kabla hujaruhusiwa kuwa na "staili yako", na kama hilo linakuudhi, bora ubaki. Wakala akikwambia Kiingereza kinatosha, mwambie akuonyeshe barua ya chuo yenyewe, na hela yako ikae mfukoni mpaka uione.