Chumba cha nyuma sasa ni ofisi ya ushauri nasaha

Hatimaye chumba kidogo cha nyuma, hapa Dar, kimekuwa ofisi yangu ya ushauri nasaha kwa njia ya mtandao. Nimefurahi mno! Kazi kubwa ilikuwa sauti. Kuta tupu zinatoa mwangwi, kwa hiyo nimetundika mapazia mazito, nikatandika zulia na kuziba uwazi wa chini ya mlango kwa raba. Nje ya mlango naacha feni ivume, anayepita koridoni asiambulie neno. Mtu anayenisimulia ndoa yake au msiba wake anastahili siri ile ile ya ana kwa ana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatudai hivyo.

Meza inatazama dirisha, kamera iko usawa wa macho, bando la akiba lipo kwenye simu.

Wenzangu, nawasihi: kabla ya kuanza, muulizeni mteja yuko wapi leo, nani yuko karibu naye, na mumpigie nani hali ikiwa mbaya. Wengine huzungumza wakiwa wamejifungia kwenye gari kwa kukosa faragha nyumbani. Hao nawaruhusu waandike badala ya kusema.